Majina Aliyoyaacha Njeru

Jumatatu, 3 Machi 1997

Programu ya wachangiaji damu imekufa tena. Nimechapa "O hasi", skrini imesita kidogo, kisha giza. Makundi mengine ya damu inayatafuta bila shida. Hili moja tu linaiua.

Kundi la Karimi.

Mdogo wangu huyo amekaribia kujifungua. Uzazi wa kwanza alivuja damu mpaka tukaanza kumlilia akiwa hai. Daktari amesema tujue mapema nani atamchangia. Anayejua ni kompyuta peke yake. Kadi za wachangiaji zilioza paa la stoo lilipovuja.

Ukungu umeshuka hadi Kaaga, mtaani kwetu. Nimerudi nyumbani nikitembea kama niliye ndani ya usingizi wa mtu mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Nimeifungua programu kwa dibaga, ile ya kusimamisha programu katikati ya kazi na kuichungulia. Namba tupu. Hapa anwani, pale anwani, yaani namba za nafasi ndani ya kumbukumbu ya mashine. Hakuna jina hata moja.

Njeru ndiye aliyeiandika. Tulifanya kazi dawati moja hospitalini. Alikufa mwaka jana, kifua. Disketi alizohifadhia maandishi yenyewe, yale aliyoandika kabla hayajageuzwa programu, zimeota ukungu, hazisomeki.

Kompaila ikigeuza maandishi kuwa programu, unaweza kuiambia iache majina mwishoni mwa faili. Anwani hii inaitwa hivi, ilitoka mstari fulani wa faili fulani, kile ni jedwali la ukubwa huu. Mashine haiyahitaji. Ni ya mtu atakayekuja kutafuta kosa. Njeru aliyakata ili programu itoshee kwenye kompyuta yetu ndogo.

Nina hasira naye. Kumkasirikia marehemu kunachosha.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ofisini kote. Nimesinzia mezani nikaona namba zinapanda mlima kwa mstari, zimejitanda shuka, hazinitazami.

Nimeamka na wazo. Kukata majina hakuhamishi kitu. Programu inabaki vilevile, anwani zilezile. Njeru alikuwa na kompyuta nyumbani Embu. Kama nakala isiyokatwa ipo huko, itanitajia jina la pale inapofia.

Nimeiandika anwani hiyo. Nimenakili programu yetu na data kwenye disketi. Kesho Embu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika Majimbo, mtaa wa Embu. Mama Wawira, mjane wa Njeru, amenipokea kwa uji. Amekonda. Kompyuta iko chumbani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Hii sijawasha tangu tumzike," amesema. "Watoto wanasema nitoe, inajaza nyumba. Nikakataa. Wewe washa, Kendi. Mimi nitakaa tu hapa."

Imewaka.

Maandishi hayapo, alishayafuta. Lakini programu ipo, nzito mara tatu ya ile yetu. Nimelinganisha: mwili ule ule, mkia ndio mrefu. Mkia wa majina.

Nimeipa dibaga anwani yangu. Ikajibu: tafuta_damu. Ikataja na mstari, ikauliza faili ya maandishi iko wapi. Sikuwa nayo. Haidhuru. Nimeanza kusoma majina kwa sauti. Pokea_mtoaji. Jedwali_hasi. Wawira.

"Umesema nini?"

"Wawira. Ni jina la kitu kinachohesabu."

Mama Wawira amecheka, kisha akajifunika uso kwa leso. "Huyo msichana wetu alikuwa anahesabu kuku wa baba yake kila jioni. Akikosa mmoja, hakuna kulala. Haki, Njeru."

Nimemshika mkono, tukakaa hivyo.

Kisha nimeiendesha hatua kwa hatua. Jedwali_hasi lina nafasi hamsini, majina yanasema hivyo. Wawira akapanda, akapanda, akafika mwisho wa jedwali na akaendelea kutembea, akiandika juu ya vitu visivyo vyake. Hapo ndipo inapofia.

Wachangiaji wamezidi hamsini. Tangu kanisa la Mikinduri lihimize waumini wachangie damu, wamekuja wengi kuliko Njeru alivyoota.

Siwezi kuirekebisha bila maandishi. Ila naweza kuigawa data, Mikinduri peke yake, wengine peke yao. Kila kikundi kitatosha kwenye jedwali.

Kuondoka nimepewa ndizi na maembe. "Hiyo jina ya Wawira usitoe," ameniambia mlangoni. Nimemwahidi.

Jumanne, 11 Machi

Karimi ameletwa asubuhi. Damu haikungoja mtoto.

Friji ya damu haina O hasi. Nimekimbilia kompyuta. Jana niligawa data lakini sikuwa nimeijaribu. Nimechapa. Skrini ikasita. Nimeogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Majina yakaja. Ya kwanza kwenye orodha ya Mikinduri: Mwiti. Dereva wa hospitali ameondoka na Landrova kumchukua, kwenye matope.

Nimekaa nje ya chumba cha upasuaji. Ukuta wa kijani ulikuwa unapumua. Au ni mimi.

Mwiti amefika na viatu vya shambani. Ametolewa kazini, hakurudi hata nyumbani kubadilisha.

"Dada, mgonjwa ni wako?"

"Ni mdogo wangu."

"Wacha basi nitoe. Wengine wako nyuma kwa gari."

Maabara wamepima, wamekubali.

Jumatano, 12 Machi

Msichana. Analia vizuri. Karimi hajafumbua macho sawasawa lakini amenibana kidole.

Nimelia chooni.

Jumapili, 23 Machi

Karimi yuko kwangu. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ya polepole, nyumba nzima kama iko chini ya maji. Sikwenda kanisani. Nimemlaza mtoto kifuani, tumepumua pamoja mpaka sikujua pumzi ipi ni yangu.

Karimi ameuliza huyo aliyemchangia wa kwanza alikuwa anafanana vipi. Nimefikiri. Nimemwambia ni mrefu, anaongea polepole, alikuwa na matope mpaka magotini.

"Sawa," amesema. Akageukia ukuta, akalala.

Chai imepoa. Sijainuka, mtoto bado amelala kifuani.