Jina Langu na Kura za Baba

Alhamisi. Mvua imeanza kabla hatujaamka na mpaka sasa haijaacha. Milima ya Matogoro haionekani kabisa, ni wingu tupu. Nimekuja mjini na mwavuli wa mama, nimelowa mpaka magotini, nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni hapa intaneti kafe, na naomba umeme usikatike kabla sijamaliza.

Baba ameshindwa.

Haya, nimeshaandika. Mwalimu mstaafu, mgombea udiwani wa kata yetu, mtu aliyewafundisha waliompigia kura na waliomnyima, kashindwa kwa kura chache zinazouma. Tangu astaafu hajawahi kutaka kitu kama alivyoutaka udiwani huu. Alishaanza kutuonyesha mahali kisima kitakapochimbwa.

Na mimi najua kilichomwangusha. Ni jina langu.

Ninyi mnaosoma hapa mnanijua kama Tina. Jina la ubatizo ni Maria Palestina. Baba akiwa chuoni Dar es Salaam aliishi chumba kimoja na Elias, kijana Mpalestina wa Bethlehemu, Mkristo kama sisi. Baba alipougua malaria, Elias ndiye aliyempikia uji. Ulikuwa uji mbaya, baba anasema, mabonge matupu, lakini aliunywa wote. Mimi nikazaliwa mwaka ule redio haikuwa na habari nyingine ila Beirut na wakimbizi wa Kipalestina wanaouawa makambini. Baba akanibeba mpaka parokiani nibatizwe Palestina. Padri akakataa, akataka jina la mtakatifu. Baba akamuuliza, "Kwani Bikira Maria mwenyewe alikuwa mtu wa wapi, padri?" Basi wakanigawana, padri akachukua jina la kwanza na baba la pili.

Nilipokuwa mdogo hakuna aliyejali. Baba na walimu wenzake walikuwa na kamati ya mshikamano, wanakusanya nguo na mablanketi ya kuwapelekea Wapalestina, wanaandamana na bango lao moja, watu wanawapigia makofi. Enzi zile serikali yenyewe ilikuwa upande huo. Siku hizi nchi yetu na Israeli wamepatana, chama hakitaki maneno, na kanisani tunaimba Israeli kila Jumapili, kwa hiyo ukiwatetea Wapalestina watu wanaona umemsema Mungu. Kampeni zilipoanza tu, uvumi ukaanza. Mwalimu kasilimu! Hata binti yake kampa jina la Kiislamu!

Kasimiri, meneja wake wa kampeni, akaja nyumbani akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akasema huku anaangalia sakafu, "Mwalimu, jina la huyu binti lisiitwe nje mpaka tupige kura. Maria linatosha." Baba alitaka kukataa. Mimi ndiye niliyemwambia, baba, niite Maria, sitapungua kilo.

Tangu siku ile baba hakuniita tena. Hilo Maria peke yake lilimshinda kutamka. Akinihitaji alikuja mpaka nilipo, akanigusa bega. Baba huyuhuyu ambaye akiita, majirani wote huitika!

Juzi tulifunga kampeni. Mnajua ilivyo, mgombea lazima aitambulishe familia jukwaani. Akamtaja mama, watu wakapiga vigelegele. Akafika kwangu, akakwama. Nikamnong'oneza, "Maria, baba. Sema Maria." Kipaza sauti kikanidaka, uwanja mzima ukacheka.

Baba hakucheka. Akasema, "Huyu mtoto nilimbatiza jina zima, siwezi kumkata nusu kwa ajili ya kura. Anaitwa Maria Palestina."

Mama mmoja muuza vitumbua akasimama. "Mwalimu, sisi tunataka maji. Hao Wapalestina wanapiga kura hapa Msamala?"

Angeweza kutania yakaisha. Weee, baba yangu! "Ndugu zetu wa Msumbiji walipovuka Ruvuma wanakimbia vita," akamjibu, "mama yako aliwapa mihogo. Aliwauliza wanapigia kura wapi?"

Yule mama akakaa chini, kicheko kikakatika. Nikadhani tumeshinda palepale. Leo naona baba alimwaibisha mtu mzima mbele za watu, tena aliyeuliza swali la haki. Maji kweli hatuna.

Nilimkasirikia baba. Na hapohapo jukwaani nilikuwa nalia, kwa sababu tangu kampeni zianze nilikuwa sijaitwa.

Jana jioni matokeo yalipobandikwa alirudi, akasema "Haya," akaingia kulala. Leo asubuhi nikamwamkia, shikamoo baba. "Marahaba," basi. Siku zote huwa ni "Marahaba, Palestina." Nikajua anajuta. Nikajiambia, leo akiniita Maria nitaitika vizuri, sitamwonyesha kitu, lakini nilijua itaniuma mpaka nazeeka.

Wakaanza kuja watu wa kutoa pole. Mama alikuwa ametengeneza togwa ya ushindi, sasa ataimwaga wapi? Akaigawa. Hata yule muuza vitumbua alikuja, akasema "Poleni jamani" kwa huruma kabisa, akanywa kikombe, akaongezewa. Baba akamshukuru kwa kuja, akachukua jembe akaenda shambani nyuma ya nyumba, mvua hiyohiyo, maana mahindi hayangoji uchaguzi.

Nilikuwa naosha vikombe niliposikia.

"Palestinaaa! We Palestinaaa! Lete mbegu!"

Muuza vitumbua akashusha kikombe. Mama akajifuta macho na upindo wa kanga, akasema, "Si unaitwa? Nenda."

"Abee, baba!" Nimeitika kwa nguvu mpaka nimekohoa. Nikachukua mbegu nikatoka bila mwavuli.

Tumepanda pamoja mpaka saa ya chakula. Uchaguzi hatukuugusa, alinigombeza tu kwamba naweka mbegu nyingi shimo moja. Tumebakiza upande wa migombani, tutaumaliza kesho hata kama mvua hii itaendelea.

Lile jina la Tina hapo juu ya blogu nimelitoa sasa hivi. Mkinihitaji, niiteni jina lote.