Fomu ya Mama Sabina

Jumatano, Mkuyuni

Nimeshindwa kula. Mke wangu kaniuliza kama naumwa, nikamwambia ni kichwa tu.

Mwezi uliopita bosi wetu wa kiwanda cha samaki alipanda jukwaani na shati la chama, akatangaza kwamba serikali ya chama chetu imepandisha kima cha chini cha mshahara. Mama Sabina, ambaye ametukatia minofu ya samaki kwa miaka kumi na moja, alicheza mpaka kanga ikamdondoka. Mimi nilipiga makofi.

Leo bosi huyo huyo kanipa mimi, karani wake, fomu niwasainishe akina mama wote wa kiwandani. Kuanzia sasa ni vibarua wa siku, na kima kipya hakiwahusu. Nilimwuliza kama chama kinajua.

"Kata hii, chama ni nani?" akasema.

Mwenyekiti wa chama wa kata ni yeye. Ningelalamika kwa nani...

Mama Sabina hajui kusoma. Alishika fomu, akaniangalia. "Mwanangu, hii ndiyo ya ule mshahara mpya?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Uongo huo bosi hakunituma. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumwambia ampelekee kwanza binti yake amsomee.

Akaweka dole gumba, akafuta wino kwenye kanga, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki. Nilijua chama hakiwezi kutusahau."

Kila nikifumba macho namsikia. Jumamosi ni siku ya malipo, na anayewapa bahasha ni mimi.