Dirisha la Mama

Jumatatu, 3 Februari

Joto jamani! Feni zote zinazunguka na bado tunaiva. Mama mkwe amezirai tena, pale pale kwenye kiti chake dirishani. Haoni siku hizi, lakini hapo hang'oki. Daktari kasema presha yake haitaki joto. Nikataja kiyoyozi. Mume wangu akaruka — kitatumalizia umeme, nyumba yenyewe irekebishwe ipoe! Katazama video mbili kwenye simu, tayari ni mtaalamu. Nimempa jina: Injinia. Amelipenda, mjinga wangu.

Jumatano, 5 Februari

Fundi mwashi kaja alasiri, kagusa kuta zote kwa kiganja. Bati lipakwe rangi nyeupe. Juu ya dari itandazwe pamba ya kuzuia joto. Matundu ya hewa yaongezwe. Na dirisha la magharibi lizibwe — hilo ndilo jiko la nyumba hii. Injinia: si nilisema! Hakusema.

Ijumaa, 7 Februari

Mama kaenda kwa wifi mpaka vumbi liishe. Dirisha hatujamwambia. Nilitaka tumuulize. Injinia akasema Mama haoni, dirisha la nini? Nikaona kweli.

Alhamisi, 13 Februari

Kazi imeisha! Nimelala sebuleni mchana bila feni hata moja. Injinia anazunguka na kipimajoto, kamwonyesha mpaka muuza maziwa. Ana rangi nyeupe masikioni. Nampenda akiwa hivi.

Jumamosi, 15 Februari

Mama karudi. Mlangoni tu: "Hee! Nani kaleta kivuli ndani?" Injinia kichwa kikavimba.

Kisha akakaa kitini pake, akanyoosha mikono mbele. Akangoja. Baadaye akauliza kama nje kuna mawingu. Hapana Mama, jua kali. Akairudisha mikono mapajani.

Jumapili, 16 Februari

Mama kasusia chai. Injinia kapiga magoti mbele yake, kambembeleza, mwishowe Mama kasema. Jua likimfika magotini anajua wajukuu wanatoka shule. Likimfika usoni, mwanawe anafunga duka. "Sasa mchana wangu hauishi, mwanangu. Nakaa tu."

Injinia katoka nje, kasimama nyuma ya nyumba muda mrefu. Nami nimelia jikoni. Kumuuliza tu kungetugharimu nini?

Jumanne, 18 Februari

Fundi karudi. Kasema tukizibua dirisha lote, joto linarudi, na presha nayo. Injinia kashika kichwa. Mama akainuka, akapapasa ukuta mpya. "Tofali moja tu. Nipeni dirisha la tofali moja."

Fundi kacheka — inawezekana, tutie kioo, lakini litobolewe wapi ili jua limpate? Usawa wa mikono, kasema Mama.

Naandika nikiwa mlangoni. Injinia kaketi kwenye kiti cha Mama, kafumba macho, kanyoosha mikono. Fundi yuko nje na tindo na nyundo, anatoboa kitundu cha kujaribia. Mama kasimama nyuma ya mwanawe, kamshika mabega.

"Shusha mikono, baba. Mimi ni mfupi."

Kashusha.

"Bado."

Kashusha tena. Vumbi linaanza kudondoka ukutani. Hajafumbua macho.

"Umelisikia jua?"

"Bado, Mama."