Jina la Kanoni Kaimu Kwenye Jiwe la Kanisa Kuu

KAMATI YA HISTORIA YA KANISA KUU

Kumbukumbu za kikao cha tatu, kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 Juni, kuanzia saa nne asubuhi, katika chumba cha mikutano nyuma ya sakristia.

WALIOHUDHURIA
Mkuu wa Kanisa Kuu – Mwenyekiti
Wakili mstaafu, mshauri wa sheria wa kanisa – Mjumbe
Mkunga mstaafu, kutoka Umoja wa Akina Mama – Mjumbe
Mfamasia, binti wa marehemu Mkuu wa Tano – Mjumbe
Mwalimu wa shule ya msingi – Katibu

WAALIKWA
Fundi mchonga mawe
Kanoni mstaafu, anayejulikana na wote kama Kanoni Kaimu (aliingia kikao kikiendelea)

WASIOHUDHURIA
Mwalimu wa kwaya, kwa taarifa: ana mazoezi ya harusi.
Mweka hazina, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/3: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kwa sala fupi na kuwashukuru wajumbe kwa kufika licha ya mvua. Alikumbusha kwamba lengo la kikao ni moja tu: kukubaliana majina yatakayochongwa kwenye jiwe la kumbukumbu ya Wakuu wa Kanisa Kuu, kwa kuwa ubao wa zamani pale mlangoni umeliwa na mchwa na hausomeki tena. Alisema angependa kila mtu awahi chakula cha mchana nyumbani kwake.

KUMB. NA. 2/3: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA
Wakili alilalamikia neno "alifoka" lililotumika kumhusu. Alidai hakufoka. Baada ya mjadala, neno lilibadilishwa kuwa "alisema kwa msisitizo". Mkunga aliomba iandikwe kwamba alikuwa amekaa karibu naye na sikio lake linajua tofauti. Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/3: ORODHA YA WAKUU WA KANISA KUU
Kwa faida ya Fundi, ambaye alisema wazi kwamba yeye si wa dhehebu hili, Mwenyekiti alieleza kwamba Mkuu wa Kanisa Kuu ndiye kasisi anayeliongoza kanisa lenye kiti cha Askofu. Humsaidia Askofu na huendesha mambo pamoja na Baraza la Makanoni, yaani makasisi waliopewa heshima na sauti katika uongozi. Fundi aliuliza kama Makanoni huwa wanasikilizana. Mwenyekiti alisema swali hilo litajibiwa na historia.

Wajumbe walipitia majina moja baada ya jingine. Ilikubaliwa bila ubishi kwamba Mkuu wa Kwanza alilijenga kanisa hili kwa mikono yake mwenyewe, akipanda jukwaa la waashi akiwa amevaa kanzu, na kwamba ufa ulio juu ya dirisha la mashariki ni kazi yake vilevile. Mkuu wa Pili alileta kinanda na kuwafundisha watu kuimba sauti nne. Waliokataa sauti aliyowapangia aliwapeleka kwenye kugonga kengele. Mkuu wa Tatu alijifunza lugha ya ishara akiwa mtu mzima kwa sababu ya familia moja tu ya viziwi iliyokuwa ikikaa safu ya nyuma. Mkunga alisema familia hiyo sasa imejaza safu nne. Mkuu wa Nne alipendwa na kila mtu, alifariki ghafla akiwa kazini, na hapo ndipo orodha inapokatika.

Wakili alisoma kutoka kwenye nakala ya ubao wa zamani, aliyoiandika kabla ya mchwa: baada ya Mkuu wa Nne imeachwa miaka mitatu, kisha anafuata Mkuu wa Tano, baba mzazi wa Mfamasia, ambaye waumini walimwita Kanoni Chuma kabla hajawa Mkuu na hata baada ya hapo. Alipendekeza jiwe jipya linakili ubao ulivyo.

Mkunga alisema hakubaliani na hilo.

KUMB. NA. 4/3: MIAKA MITATU ISIYO NA JINA
Mwenyekiti alimtaka Mkunga aeleze sababu.

Mkunga alieleza kwamba Mkuu wa Nne alipofariki, Askofu wa wakati huo alikuwa mgonjwa na hakuweza kumsimika mwingine. Makanoni wakubwa walikuwa wanne, na kila mmoja alikuwa na uhakika kwamba yeye ndiye. Walipochoka kuzozana walimteua aliyekuwa mdogo kuliko wote akaimu. "Walimchagua kwa sababu hakuna aliyemwogopa," alisema. "Walidhani atakuwa anafungua na kufunga mlango tu."

Alieleza kuwa mwaka wa pili wa ukaimu, mvua ilibomoa ukuta wa wodi ya wazazi katika hospitali ya jirani. Akina mama walitolewa nje na vitanda vyao. Kanoni Kaimu alivuka barabara, akaangalia, akarudi, akafungua kanisa dogo la pembeni, lile lenye madhabahu ya Bikira. Kufikia jioni vitanda vilikuwa ndani. Yeye Mkunga, wakati huo mpya kazini, alizalisha humo kwa miezi saba.

Wakili alisema, kwa msisitizo, kwamba habari hiyo inajulikana na ni ya kusifika, lakini Baraza la Makanoni halikutoa kibali, na kwa kweli lilipitisha azimio kwamba akina mama waondolewe mahali patakatifu. Aliongeza kwamba hakuna haja ya kutaja nani aliyeleta azimio hilo.

Mfamasia alisema ataje tu. Wakili alipanga karatasi zake. Mfamasia alisema mwenyewe kwamba aliyeleta azimio ni baba yake, kwamba amelisikia jambo hilo tangu akiwa msichana wa shule, likisemwa nyuma ya mgongo wake kwenye foleni ya maji na ubavuni mwake kwenye mabenchi, na kwamba kama kamati imemwita ili baba yake ahukumiwe akiwa kaburini, basi wamwambie achukue mkoba wake.

Mwenyekiti alisema hakuna anayemhukumu mtu. Mkunga alimwambia Mfamasia, "Kaa, mwanangu. Sijamaliza. Na hapa ninapofika, baba yako yumo."

Mfamasia alikaa.

Mkunga aliendelea kwamba Baraza lilimtuma Kanoni Chuma mwenyewe aende kuwaambia akina mama watoke kabla ya Jumapili. Alifika Ijumaa mchana, kanzu imepigwa pasi, viatu vinang'aa. Mkunga alikuwa peke yake na wazazi wawili, wote saa zao zimefika. "Alisimama mlangoni anakohoa kile kikohozi chake cha kuanza hotuba. Nikamwambia, 'Baba, kama umesimama tu, shika beseni.' Sikumjua ni nani. Ningemjua nisingethubutu."

Mwenyekiti aliuliza alifanya nini.

"Alishika. Alishika beseni mpaka watoto wote wawili wakalia. Kisha akanawa kwenye bomba la nje, akaondoka. Ujumbe wake hakuusema."

Mkunga alieleza kwamba Jumapili Baraza lilipomuuliza, Kanoni Chuma alijibu kuwa hakupata nafasi ya kusema. Mwezi uliofuata aliulizwa tena, akajibu bado hajapata nafasi. Aliendelea kukosa nafasi mpaka wodi ikajengwa upya. Kwa kuwa azimio lilikuwa lake, hakuna mwingine aliyekuwa na uwezo wa kulitekeleza kabla yake, na hakuna aliyethubutu kumwambia Kanoni Chuma kwamba anachelewesha kazi.

Kikao kilicheka. Mfamasia hakucheka. Alisema, "Baba hakuwahi kutuambia. Nyumbani alikuwa mtu wa saa na kanuni. Mimi sijawahi kumwona ameshika beseni hata la kunawia mikono." Aliomba dakika chache na kutoka nje. Mwenyekiti aliagiza chai.

KUMB. NA. 5/3: MAELEZO YA KANONI KAIMU
Wakati wa chai Kanoni Kaimu aliwasili, akiwa ameshikwa mkono na Mfamasia, ambaye alimkuta akihangaika na ngazi za mlangoni. Wajumbe walisimama. Alipewa kiti karibu na dirisha kwa ajili ya macho yake.

Mwenyekiti alimweleza mambo yalipofikia na kumuuliza maoni yake kuhusu jina lake kuwekwa kwenye jiwe. Kabla hajajibu, Wakili alimsaidia kwa kusema kwamba Kanoni anajulikana kwa unyenyekevu wake na bila shaka vitu kama hivi havimsumbui.

Kanoni Kaimu alisema, "Vinanisumbua sana."

Wakili aliomba radhi.

Kanoni alieleza kwamba watu wamemwita mnyenyekevu kwa muda mrefu hadi ameogopa kuwaharibia. Ukweli ni kwamba alitaka kusimikwa. Katika mwaka wa tatu wa ukaimu alikuwa na uhakika ni yeye. Alimpelekea fundi cherehani kitambaa akashonewa joho la Mkuu, jeupe lenye pindo la dhahabu, akalificha juu ya kabati. Askofu alipopona, alimsimika Kanoni Chuma. "Joho lile mke wangu alilikata akashona foronya. Nikawa nalalia ukuu wangu kila siku."

Mkunga alicheka hadi akafuta machozi. Kanoni naye alicheka, kisha akaendelea bila kucheka.

Alisema hasira yake kubwa haikuwa ya joho bali ya ubao. Ubao ulipotundikwa alikwenda ofisini kwa Kanoni Chuma, sasa Mkuu wa Tano, akamuuliza: "Mzee, mbona mimi simo? Nimeongoza hapa miaka mitatu au nilikuwa naota?" Mkuu wa Tano akamjibu kwamba kanuni inasema waliosimikwa. Akasema, "Nikiipindisha kwa ajili yako ninayekupenda, kesho nitaipindisha kumkomoa nisiyempenda."

"Nilimchukia kwa jibu hilo," Kanoni alisema. "Tulisalimiana tu wakati wa amani ya Bwana, mkono kwa mkono, macho pembeni. Makasisi wawili wazima."

Mwenyekiti aliuliza kama walipatana.

Kanoni alijibu kwamba hawakuwahi kukaa na kupatana kwa maneno. Ila kulitokea fitina, watu wakamshtaki yeye Kanoni Kaimu kwa Askofu wakidai alinajisi kanisa kwa kuwaingiza wazazi na avuliwe ukasisi. Mkuu wa Tano alikwenda mbele ya Askofu bila kuitwa. Alisema kama ni kunajisi, basi aliyeshika beseni avuliwe kwanza. Shauri likafia hapo. "Hakuja kuniambia. Nilimsikia dereva wa Askofu akisimulia. Nikaenda kumshukuru, akaniuliza kama ratiba ya Kwaresima iko tayari."

Kanoni alimgeukia Mfamasia. "Binti yangu, baba yako alikuwa mgumu kama alivyoitwa. Lakini mimi nimevaa kola hii mpaka leo kwa sababu yake. Ubao alininyima, ukasisi alinitetea. Mimi nimekuwa nikikumbuka ule ubao zaidi, na hiyo si sifa njema kwangu."

Mfamasia alimsogezea Kanoni kikombe cha chai.

KUMB. NA. 6/3: UAMUZI
Wakili alisema ameguswa, lakini kanuni haijabadilika: jiwe lina kichwa "Wakuu wa Kanisa Kuu", na Mkuu ni aliyesimikwa.

Mfamasia aliomba nafasi. Alisema hataki kanuni ya baba yake ivunjwe, kwa sababu sasa anajua ilimgharimu rafiki. Alipendekeza kanuni iachwe ilivyo na kibadilishwe kichwa cha jiwe. Badala ya "Wakuu wa Kanisa Kuu", kichongwe "Walioliongoza Kanisa Kuu Hili". Aliyesimikwa aandikwe Mkuu, aliyekaimu aandikwe Kaimu, kila mtu na miaka yake.

Wakili alihoji: je, kila aliyekaimu wiki mbili Mkuu akiwa likizo atadai jiwe? Mwenyekiti alisema yeye binafsi anawajua watatu ambao wangedai. Ilikubaliwa kuwa kaimu atakayeandikwa awe ameongoza mwaka mzima au zaidi bila kuwepo Mkuu. Wakili alitafakari, akasema kwa lugha hiyo hana pingamizi, na kwamba laiti angekuwa amelifikiria yeye.

Mwenyekiti alimuuliza Kanoni kama neno "Kaimu" litamridhisha. Alijibu kwamba ndilo jina alilozoea kuitikia, na mjukuu wake anadhani ndilo la ubatizo.

Fundi aliulizwa kama jiwe lina nafasi. Alisema ameshapima na nafasi ipo, mradi wasiendelee kukumbuka watu.

IMEAZIMIWA kwa kauli moja: pendekezo la Mfamasia lipite kama lilivyo. Mfamasia ndiye atakayesoma majina siku ya kuzinduliwa kwa jiwe.

KUMB. NA. 7/3: KUKAGUA UKUTA NA KUFUNGA KIKAO
Wajumbe walihamia ndani ya kanisa ili Fundi aone ukuta. Wakati Fundi akipima, Kanoni Kaimu alitembea polepole hadi upande wa kwaya na kusimama mbele ya kiti cha Mkuu. Aliulizwa kama amechoka. Alisema hapana. Katika miaka yake mitatu alikuwa akikaa kwenye benchi la pembeni, kwa kuwa kiti hicho hukaliwa na aliyesimikwa tu.

Mwenyekiti alimwomba aketi. Kanoni alimtazama Wakili. Wakili alisema hajui kanuni yoyote inayomkataza Mkuu aliyepo kumkaribisha mgeni kwenye kiti chake. Mfamasia alimshika mkono upande mmoja na Mkunga upande mwingine, naye Kanoni akapanda kingazi cha kiti, akaketi.

Aliweka mikono juu ya mbao, akaliangalia kanisa lote kutokea pale. Kisha akasema, "Kumbe ni kigumu namna hii! Maskini Kanoni Chuma. Miaka kumi na mitano!"

Mfamasia alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mwenyekiti alimwomba Kanoni afunge kwa sala. Aliomba akiwa ameketi palepale, akiwataja waliotangulia, kila mmoja kwa jina alilopewa na mama yake. Kikao kilifungwa saa saba na robo mchana.

Zimethibitishwa kuwa sahihi:

(Sahihi) ........................
Mkuu wa Kanisa Kuu, Mwenyekiti

(Sahihi) ........................
Mwalimu, Katibu