Yowe la Kutuliza

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Chanika hatujambo. Mama yako ametoka hospitali Korogwe, na leo amemaliza bakuli zima la uji.

Umeniuliza inakuwaje kinga ya mwili, zile protini za damu zinazoamshana kupambana na vijidudu, iumize mishipa ya moyo wake. Ukaandika kwamba mwili umemsaliti.

Nilipokuwa msichana, nyani waliingia shambani kwetu mchana. Baba akapiga yowe, jirani akalipokea, likafika hadi kijiji cha pili. Kwa desturi yetu, aliyepiga yowe hupiga tena la kutuliza watu. Nyani walikimbia upesi, lakini baba, kwa furaha, akasahau. Watu wakazidi kumiminika na marungu, wakayakanyaga mahindi karibu yote.

Mama yangu alikaa pembeni akilia. Baba akamwambia, "Usiwalaani. Wamekuja kwa ajili yetu."

Dawa anazomeza mama yako zinaituliza kinga hiyo. Ndizo yowe la pili. Usiuchukie mwili wake. Kesho yake wale wale walioyakanyaga mahindi walirudi na majembe, wakapanda nasi upya.

Bibi yako,
Mwanahawa