Iwe Ni Supu ya Mbuzi

Butimba, Jumatano, Novemba 1961

Mvua ya asubuhi imekatika lakini mimi bado natetemeka. Naogopa. Nimeliandika neno hilo kwanza ili nisilizunguke.

Mjini kote ni uhuru, uhuru. Majirani wanashona bendera, ngoma zinafanyiwa mazoezi. Mume wangu Masanja, mchezaji hodari wa ngoma, amekaa barazani tu. Miguu imevimba hata viatu havimwingii.

Leo nilifuata majibu ya damu yake. Daktari alinieleza polepole: nyama na vyakula vya namna hiyo vikishatumika mwilini huacha taka kwenye damu, inaitwa yurea. Figo huichuja, ikatoka na mkojo. Figo zikichoka, taka inabaki. Ya Masanja imepanda sana.

Kisha akauliza, "Kabla ya kupimwa alikuwa anakula nini?"

Jamani! Mama mkwe aliposikia mwanawe atatolewa damu, alikuja kutoka Kisesa na mbuzi. "Wakimnyonya, waikute imejaa," alisema. Supu asubuhi, nyama mchana, supu tena jioni. Masanja hawezi kukataa chakula cha mama yake, na mimi ni nani nimkataze?

Daktari hakucheka. Alisema nyama nyingi inaweza kuipandisha yurea, ila kwa uvimbe ule, huenda ni figo zenyewe. Aache nyama kwanza, apimwe tena wiki ijayo.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe jikoni, chungu kinachemka. Nilipiga goti, nikamwambia yote. Nilijua atafoka kwamba nataka kumuua mwanawe kwa njaa. Wala. Alikiepua chungu, akaita watoto wa jirani waje wanywe. Akakaa chini kama aliyechoka ghafla.

"Kwa hiyo kama ni supu yangu iliyoharibu majibu, mwanangu mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niombee niwe nimekosea."

Tumeomba pamoja, palepale kwenye moshi. Tangu niolewe nimetamani mara nyingi mama mkwe aonekane ana kosa, lakini si kwa moyo huu, na si yeye mwenyewe akiitikia amina.

Sasa anachambua mchicha. Masanja anauliza mbona leo hakuna harufu ya nyama.

Na kama mama hana kosa?