Chura Anayezaa Mlimani Kwetu

Babu mpendwa, shikamoo. Niko Mwanza kwa shangazi, kando ya ziwa ambalo ng'ambo yake haionekani. Leo tukila samaki wa sato nilimsimulia binti yake, Zena, juu ya vyura wa msitu wetu: mchana hujibanza chini ya majani, jioni hupanda juu ya jani, na hawatagi, huzaa.

Zena akacheka. "Dada, chura azae kama mbuzi? Labda alikuwa amewameza watoto wake."

Lakini niliviona vichura vikitoka, vidogo kama punje za mtama. Vyura wa hapa wana ziwa zima. Wetu wana msitu ule tu, ambao wewe unataka kuufyeka ulime kabichi za kuwauzia wenye malori. Nakuomba, usiufyeke kabla sijarudi na Zena. Tukae nawe pale jioni moja, kimya, tumwone mama chura akipanda jani lake.

Nakuombea mgongo upone.

Mjukuu wako,
Mwajuma